Kichaka Kisichotaka Maji

Fundi cherehani alipanda kichaka cha jangwani mbele ya nyumba kwa sababu alichoka kuhangaika na maji. Baba mkwe wake akakionea huruma. Kila asubuhi alikimwagilia kopo zima, hadi majani yakawa manjano na mizizi ikaoza.

"Baba, nimekuomba mara ngapi? Hiki kinapenda ukavu."

"Mkamwana, nani anapenda kiu?"

Fundi akaficha kopo, mzee akaja na birika la chai. Fundi alishusha pumzi, akang'oa kichaka, akapanda kingine. Kando yake akaweka waridi kwenye ndoo, akamkabidhi mzee alilee.

"Na hiki je?" mzee akauliza.

"Hicho daktari amekikataza maji."

Mzee alikitazama kichaka, akakipa pole, kisha akamwagilia waridi. Safari hii kichaka kikashika.