Sekunde Tisa za Gaspari

Mtoto aliyekuwa atumike kwenye maonyesho ya kongamano hakuja. Mama yake alipiga simu asubuhi kutoka Sepuka, akasema wako shambani wanavuna alizeti na gari la kuwaleta mjini limeshawapita. Ukumbini, katika hoteli moja ya Singida mjini, tayari walikuwa wamekaa watu hamsini na kitu: madaktari kutoka Dodoma na Tabora, walimu wa elimu maalumu, wauguzi, na wageni wawili wa shirika lililofadhili utafiti. Dokta Antipasi, mkuu wa mradi, alikitazama kiti kitupu kilichokuwa mbele ya skrini. Kisha akatazama mlangoni, ambako dereva wake alikuwa amesimama na katoni ya maji begani.

"Gaspari," akaita, "tua hiyo katoni uje ukae hapa. Leo wewe ndiye mwanafunzi."

Watu wakacheka. Gaspari akavua kofia, akaja.

Winfrida ndiye aliyembandika vihisio. Alikuwa mtaalamu wa vipimo wa mradi, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Ulemo, na kabla ya kuja hapa alikuwa amefanya kazi miaka minne katika kliniki ya kifafa. Mradi ulishughulika na watoto wanaoshindwa kutulia na kufuata somo darasani. Mtoto anabandikwa vihisio vinne kichwani, vinasoma umeme mdogo wa ubongo, na kwenye skrini anaona ndege akiruka. Akili ikitulia, ndege anapaa, ikihama, anashuka. Akifanya hivyo wiki kadhaa, mtoto anajifunza kuirudisha akili yake mwenyewe. Wengine iliwasaidia, wengine haikuwasaidia, na ndicho walichokuwa wamekuja kukijadili.

Ndege wa Gaspari alipaa vizuri. Mwalimu mmoja akapiga makofi. Dakika ya tatu ndege akaporomoka mara moja mpaka chini ya skrini, akabaki hapo. Kwenye kompyuta ya Winfrida, ambayo watu hawakuiona, mistari minne iliyokuwa ikitetemeka kidogo ilivimba ikawa mawimbi makubwa yaliyochongoka kama meno ya msumeno, yakifuatana bila kupishana. Winfrida akainua macho. Gaspari alikuwa ameyakodoa yake. Midomo ilikuwa ikitafuna, na mdomoni hamna kitu. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vikivuta kifungo cha shati, vinaachia, vinavuta tena. Sekunde tisa. Halafu mistari ikatulia na ndege akainuka.

"Ameshaanza kuwaza pilau la mchana huyo!" alisema Dokta Antipasi, na ukumbi ukaangua kicheko. Gaspari akawaangalia, kisha naye akacheka kwa sababu wenzake wanacheka.

Wakati wa chai Winfrida alimpelekea Dokta kompyuta kwenye kona ya ukumbi.

"Dokta, naomba uangalie hapa. Hii si akili kuhama. Huyu mtu alipotewa na fahamu mbele yetu."

Dokta Antipasi alivaa miwani, akatazama kwa muda. Alikuwa mtu mpole, na usiku wa kuamkia siku hiyo hakuwa amelala kwa ajili ya hotuba yake. "Ni waya umelegea," akasema.

"Waya ukilegea unalegea mmoja. Hii imetoka kwenye mistari yote minne. Na midomo ilikuwa inatafuna, nimeiona."

"Winfrida. Vihisio vinne havitoshi kumwambia mtu ana kifafa. Wewe unalijua hilo kuliko mimi."

"Vinatosha kumwambia asiendeshe gari mpaka apimwe. Kesho anawapeleka wageni Sepuka."

Mmoja wa wageni wa shirika alikuwa anawasogelea na kikombe chake. Dokta akafunga kompyuta taratibu. "Tutaongea baada ya ziara," akasema, akageuka na tabasamu.

Winfrida alimkuta Gaspari nyuma ya hoteli, kivulini kwa haisi ya mradi.

"Shikamoo, kaka Gaspari."

"Marahaba, dada. Nimefaulu mtihani?"

Hakujua aanze vipi, kwa hiyo akasema moja kwa moja. Alimweleza alichokiona, na kwamba kuna kifafa kisichomwangusha mtu wala kumtoa povu. Kinamchukua kidogo tu na kumrudisha, na mwenyewe hajui kama alikuwa ameondoka. Gaspari alisikiliza huku akisugua kioo kilichokuwa safi.

"Mke wangu Esta anasema naganda," alisema mwishowe. "Nashika tonge, naganda. Mimi namwambia ni mawazo. Mama alifariki mwaka juzi, nikasema ni mawazo ya msiba." Akaacha kusugua. "Mwezi wa nne nilikuwa narudi kutoka Itigi. Nikastuka nimeshapita njia panda, na sikumbuki kuipita. Barabara ilikuwa tupu. Nilisimamisha gari nikashuka."

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani? Nina miaka arobaini na nane. Sijui kazi nyingine." Akamgeukia. "Nakuomba, mdogo wangu, usiseme mbele za watu. Kesho asubuhi nitampigia Dokta nimwambie naumwa malaria. Jumatatu naenda hospitali. Naapa kwa kaburi la mama."

Winfrida alimwamini. Au pengine alitaka kumwamini, kwa kuwa ilimwondolea mzigo. Mchana wote alikaa nyuma ya ukumbi akisikiliza mada za watu, na hakunyoosha mkono.

Asubuhi, alipofika hotelini saa mbili kasoro, Gaspari alikuwa anapanga chupa za maji ndani ya haisi.

"Nilimpigia," akasema kabla hajaulizwa. "Akaniambia ninywe dawa nije. Hakuna dereva mwingine. Nimelala vizuri, dada. Leo niko sawa kabisa."

Dokta Antipasi alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma ya dereva pamoja na wageni. Walimu wanne na muuguzi mmoja walikuwa wanapanda. Winfrida alifika dirishani. "Dokta, tulizungumza jana."

"Panda, Winfrida, tumechelewa."

Angeweza kubaki pale. Angeweza kupaza sauti, watu wote wakasikia. Alifikiria kiapo cha Gaspari, akafikiria wageni, akafungua mlango wa mbele akakaa kando ya dereva.

Wakatoka mjini, lami ikaisha, vumbi likaanza kuwafuata. Pande zote mbili kulikuwa na alizeti zilizokauka, vichwa vimeinama, na mawe makubwa yamebebana katikati ya mashamba. Upepo ulikuwa mkali kama kawaida ya huko. Winfrida alimsemesha Gaspari bila kupumzika. Alimuuliza majina ya watoto wake, akamuuliza wanayofundishwa shuleni, akamuuliza bei ya kuku sokoni. Gaspari akajibu kila swali, na kila jibu lilimpa Winfrida nafasi ya kuvuta pumzi. Winfrida hakuwa anatazama barabara. Alikuwa anatazama midomo ya dereva.

"Dada Winfrida," mwalimu Martha akaita kutoka kiti cha nyuma kabisa, "hivi wale watoto wa darasa la pili mliwapima mara ngapi?"

Winfrida akageuka. "Mara kumi na mbili. Mara tatu kwa wiki, kwa wiki nne."

Aliporudisha uso mbele alimuuliza Gaspari, "Ulisema huyu wa mwisho anaitwa nani?"

Gaspari hakujibu. Midomo ilikuwa inatafuna.

Mbele barabara ilipinda kushoto, na kwenye kona ulikuwa unakuja mkokoteni wa ng'ombe umejaa magunia, wanawake wawili wamekaa juu. Gari halikupinda wala kupunguza mwendo. Winfrida aliita jina lake, kisha akapiga kelele. Mwanamke mmoja juu ya mkokoteni alisimama akainua mikono. Winfrida akaukamata usukani kwa mikono miwili, akauvuta upande wake kwa nguvu zake zote.

Haisi ilitoka barabarani, ikafyeka alizeti, ikagonga kichuguu ikasimama. Kwa muda ilisikika injini peke yake. Halafu mwalimu Martha akaanza kulia. Mfupa wa bega lake ulikuwa umevunjika. Muuguzi alikuwa anatoka damu puani. Huko barabarani ng'ombe walikuwa wamesimama na mkokoteni wao, wazima.

Gaspari alipepesa macho. Akatazama kichuguu, akatazama mikono ya Winfrida iliyokuwa bado kwenye usukani.

"Umefanya nini?" akauliza. "Winfrida, mbona umenishikia usukani?"

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililomwogopesha Winfrida kuliko ajali yenyewe. Na waliokuwa nyuma hawakuona midomo wala macho. Waliona mikono yake tu. "Huyu dada ametaka kutuua," mtu mmoja alisema. Winfrida akamgeukia Dokta Antipasi. Dokta alikuwa anafuta vumbi kwenye miwani yake, na aliendelea kuifuta.

Walihojiwa siku ya tatu katika ofisi ya trafiki. Gaspari aliletwa kutoka wodini, kifua kimefungwa bandeji, mkewe Esta nyuma yake na mfuko wa chakula. Askari aliyeandika maelezo, afande Hosea, alikuwa mtu wa maneno machache.

"Ulikuwa unaona barabara?" akamuuliza Gaspari.

"Nilikuwa naiona, afande. Tulikuwa tunaongea na huyu, nikimtajia watoto. Mara kavamia usukani."

Winfrida aliwasha kompyuta, akaonyesha mawimbi ya siku ile. Afande Hosea aliyatazama, kisha akamgeuzia Dokta kompyuta. "Mimi sisomi haya. Wewe ni bingwa. Ni nini?"

Dokta Antipasi alikohoa. "Vifaa vyetu si vya kupimia ugonjwa. Inawezekana ni waya."

"Inawezekana au ndivyo?"

Kabla hajajibu, Esta akasema kutoka alipokaa, bila kuinua sauti, "Jana nimemlisha uji wodini. Kijiko kikiwa mdomoni akaganda, uji ukamwagika kifuani. Nesi aliona. Mbona mnamuuliza yeye? Yeye anapokuwa hayupo, atajuaje?" Kisha akamwambia mumewe jambo kwa Kinyaturu, na Gaspari akainamisha kichwa.

"Si waya," akasema Dokta Antipasi. "Niliambiwa tangu siku ya kwanza."

Gaspari alipimwa Dodoma kwa mashine ya hospitali, wakaona yaleyale. Akapewa dawa, leseni ikazuiwa. Dokta aliandika barua ya kujiuzulu uongozi wa mradi, na kazi ikasimama. Winfrida alihamia kituo kimoja cha afya hukohuko mkoani. Alimpigia Gaspari mara mbili, hakupokea.

Miezi mitano baadaye, siku ya gulio, simu yake iliita. Alikuwa ni Esta.

"Dada, ameacha dawa. Anasema zinamlaza kama mgonjwa na yeye si mgonjwa. Leo ameazima pikipiki ya Godfrey wa jirani, anabeba watu wa gulio. Nimemzuia mlangoni kanisukuma."

"Ameelekea wapi?"

"Njia ya Sepuka."

Winfrida hakungoja hata afunge daftari la wagonjwa. Alimpigia afande Hosea, akamweleza, kisha akakaa kwenye benchi nje ya chumba cha vipimo, simu mapajani. Wagonjwa wawili walimsalimu, akaitikia bila kuwaona. Ilipita nusu saa, ikapita nyingine.

"Tumempata," afande Hosea alisema alipopiga. "Pikipiki iko katikati ya barabara, inaunguruma, na yeye amekaa juu yake. Hana hata mkwaruzo."

"Alikuwa peke yake?"

"Anasema hajabeba mtu tangu asubuhi. Lakini nyuma kuna tenga la kuku limefungwa kwa kanga."

Mwenye kuku walimpata saa kumi alasiri, kilomita nne nyuma, ndani ya mtaro ambao hauonekani ukiwa barabarani. Alikuwa mama mtu mzima, mguu umevunjika mahali pawili, lakini yu hai, na alikuwa ameita mpaka sauti imekauka. Aliwaambia kwamba dereva aliacha kumjibu, pikipiki ikaanza kuhama upande, naye akaona heri aruke.

Afande Hosea alimweleza Winfrida hayo yote kwa simu. Alisema pia kwamba Gaspari, alipoonyeshwa yule mama, alimsalimia shikamoo kwa heshima, akamuuliza ameumia wapi, na akataka kujua ni dereva gani asiye na utu aliyemwacha mtu mzima mtaroni.

"Tumemweleza," alisema afande. "Tumemweleza mara tatu. Sasa ndiyo amekaa hapa, analia."