Maji Hadi Pajani

Naftali alipofika Brooklyn Park, Minnesota, Novemba ya 1995, kosa lake la kwanza machoni petu lilikuwa kucheka. Alicheka theluji ilipomwangusha mbele ya kanisa, akacheka tulipomwambia avae soksi mbili mbili, akacheka watoto walipomfunga drafti. Tulikuwa tumeambiwa anakuja mtu aliyeteswa na serikali. Tukamngoja mtu aliyepinda mgongo, mwenye macho ya huzuni. Akaja huyu, mfupi, mwenye mwanya na kitambi kidogo, anayeomba aongezewe chapati.

Kosa la pili, hakuna aliyemjua. Wapinzani tuliowajua sisi walikuwa mawakili na maprofesa, watu ambao picha zao zilitoka magazetini. Naftali alikuwa fundi wa kupanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji Nakuru. Alisema alikamatwa kwa sababu ya jarida walilolichapa, lililoandika habari za watu waliochomewa nyumba na kufukuzwa mashambani. Mwenye kiwanda aliwahi kukimbia. Yeye hakuwahi.

"Mpanga herufi!" alisema Sydney. "Basi hata aliyewauzia karatasi ni mkimbizi wa kisiasa."

Sydney alikuwa mwenyekiti wa ushirika wetu, Wakenya tuliokodi ukumbi wa kanisa moja Brooklyn Center kila Jumapili alasiri. Alikuwa mhasibu katika kampuni kule Eden Prairie, mtu wa suti na mkoba, na hakuwa mtu mbaya. Wengi wetu ni yeye aliyetutafutia nyumba na kazi. Lakini jambo hilo lilimkera. "Siku hizi kila anayekuja aliteswa," alisema. "Visa ikikaribia kuisha, makovu yanaota. Wanatuchafulia nchi, na siku moja watatufungia mlango sisi sote."

Tulicheka. Nami Nkatha nilicheka. Wakati huo nilikuwa nimekaa Minnesota miaka sita. Nilikuwa nikiwaogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia huku nikisomea uuguzi kidogo kidogo, na makaratasi yangu ya ukaazi niliyapata kwa kupanga foleni. Nayasema haya ili ujulikane moyo niliokuwa nao. Nilimwona Naftali kama mtu anayetaka kupita mbele yangu dirishani.

Hata hivyo ni mimi niliyeombwa kumtafsiria. Wakili wake, Mmarekani aitwaye Lynette ambaye hakumtoza chochote, alieleza kwamba siku ya kuhojiwa mwombaji wa hifadhi huja na mkalimani wake mwenyewe. Maelezo yake ya maandishi yalikuwa yametafsiriwa na Haika, binti wa Kitanzania aliyekuwa chuo kikuu, lakini Haika alikuwa na mtihani siku hiyo. Naftali alikuwa amepanga herufi za Kiingereza miaka kumi na miwili na alikielewa. Kukisema mbele ya Mzungu mwenye kalamu ndiko kulikomshinda.

"Unaenda kumsaidia kudanganya?" Sydney aliniuliza.

"Naenda kutafsiri tu," nilijibu. "Akidanganya, ni shauri lake."

Tulihojiwa Aprili, katika chumba kisicho na dirisha. Afisa wa uhamiaji alikuwa ametoka Chicago, kijana mpole mwenye mafua, aliyetuomba radhi kila alipopenga kamasi. Saa nzima ya kwanza mambo yalikwenda sawa: kiwanda, jarida, wanaume watatu waliomchukua na kumfunga kitambaa machoni. Kisha afisa akauliza walimfanya nini huko walikompeleka.

Naftali hakucheka. Alitazama meza, akasema taratibu, akinipa nafasi baada ya kila sentensi:

"Walinivua nguo wakaniingiza chumba chenye maji. Maji hadi hapa." Akagusa paja chini ya meza. "Siku nne. Hakuna pa kukaa. Nikisinzia naanguka, maji yananiamsha. Nilijisaidia mle mle. Na kiu iliponizidi niliyanywa yale yale."

Nakumbuka nilichosema kuliko ninavyokumbuka jina langu. Nilisema kwa Kiingereza kwamba chumba kilikuwa na maji sakafuni, kwamba alikaa humo siku kadhaa, na kwamba hakuweza kulala vizuri.

Sikuwa nimepanga. Neno lilifika kinywani likapungua. Nilidhani anatia chumvi, na nilijiona ninaitia hadithi yake kiasi. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo ilinichukua muda mrefu kulikubali: sikutaka yule Mzungu mpole asikie kwamba kwetu mtu hunyweshwa uchafu wake mwenyewe. Nilikuwa nikiilinda nchi yangu isiaibike, na nilimtumia Naftali kuifunika.

Afisa akaandika. Naftali akaniangalia kidogo, kisha akarudisha macho mezani.

Jibu lilikuja baada ya wiki chache. Hakukubaliwa. Kesi ilipelekwa mbele ya hakimu wa uhamiaji, na akishindwa huko atarudishwa. Lynette alituita ofisini kwake katikati ya Minneapolis, akatusomea sababu. Katika maandishi mwombaji alisema siku nne, maji hadi pajani. Katika mahojiano alisema siku kadhaa, maji sakafuni. Hadithi mbili, kwa hiyo haaminiki.

"Muulize ipi ni ya kweli," Lynette akaniambia.

Nikamuuliza.

"Mwambie ni ile ya kwanza," Naftali akasema.

"Basi muulize kwa nini alimwambia afisa vingine."

Nikamuuliza na hilo. Kwa kinywa changu hiki nilimuuliza mtu kwa nini alisema maneno niliyoyasema mimi. Alinitazama, si kwa hasira, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuuinua.

"Mwambie nilichanganyikiwa," alisema.

Nikalitafsiri hilo neno kwa neno, bila kupunguza kitu. Lynette akaliandika.

Nilimrudisha nyumbani kwa gari langu. Tulipokwisha kuvuka mto nikamuuliza.

"Naftali, ulijua?"

"Nilisikia siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani labda Kiingereza kina njia yake ya heshima ya kusema mambo kama hayo. Wewe umekaa hapa, mimi sijui. Nilidhani unanisetiri, dada."

"Na leo? Leo ulijua sikukusetiri."

"Leo ningesema nini? Pale kanisani kila mtu amekwisha kuamua. Nikikukosa wewe, nani ataniendesha? Nani atanitafsiria?" Akacheka kidogo, kile kicheko chake tulichokiona cha uongo. Nilipomgeukia, midomo yake ilikuwa ikitetemeka. Nikaelewa kwamba hakuwa na kitu kingine cha kufanya na uso wake.

Ningependa kusema kwamba nilikwenda kwa Lynette kesho yake. Sikwenda. Nilikaa kimya siku ishirini na tatu. Jumapili ya kwanza Sydney alisimama baada ya maombi, akasema, "Sisemi kitu, lakini hata serikali yao imeona." Watu wakatikisa vichwa. Naftali alikuwa nyuma akipanga viti. Aliendelea kuvipanga, kimoja juu ya kingine, kwa uangalifu, asipige kelele. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele na nilijua kwamba sentensi moja tu ingemtoa katika aibu ile na kuniingiza mimi. Nikafungua kitabu cha nyimbo nikajifanya natafuta wimbo.

Kilichonivunja kilikuwa kitu kidogo. Kazini kulikuwa na bibi mmoja mzee aliyelia kila tulipomwogesha, akisema maji yana moto. Hayakuwa na moto. Siku hiyo msaidizi mwenzangu, msichana mgeni kazini, aliniuliza amwambie nini. Nikamjibu kama nilivyofundishwa: "Mwambie, nimekusikia. Usibishane naye juu ya mwili wake." Nilipomaliza kusema ilibidi nitoke. Nikakaa kwenye chumba cha mashuka, mlango umefungwa, nikajiuliza ni kwa nini bibi yule apate kwangu kile ambacho mwenzangu wa kwetu alinyimwa.

Nilipotoka kazini niliendesha moja kwa moja hadi kwa Lynette bila kubadilisha sare.

Hakunifokea. Ningependelea anifokee. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akachukua karatasi. "Rudia kila neno alilosema," akaniambia. "Kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kiingereza. Safari hii yote." Nilirudia. Tulipofika penye kiu nilisimama mara mbili. Akangoja. Akaandika hati ya kiapo nikaitia sahihi, kisha akasema, "Utaulizwa mbele ya hakimu. Hawatakuamini kirahisi."

Kesi ilisikilizwa Februari mwaka uliofuata, siku ya baridi ya kupasua midomo. Mkalimani wa siku hiyo aliletwa na mahakama. Mimi niliketi mahali pa mashahidi. Wakili wa serikali alikuwa mwanamke mwenye sauti laini.

"Kwa hiyo ulimdanganya afisa," alisema.

"Ndiyo."

"Na leo husemi uongo."

"Sisemi."

"Tutajuaje? Wewe na mwombaji mnasali pamoja. Mnatoka nchi moja. Kesi yake imeharibika, na ghafla wewe unakumbuka maneno mengine, tena yanayomfaa kabisa. Huoni kama ni bahati ya ajabu?"

Kila neno la kweli nililokuwa nalo lilikuwa linafanana na la uongo. Nilimwona Naftali ameinamisha kichwa, nadhani alinionea huruma, na hilo lilikuwa zito kuliko maswali.

Hakimu, mzee wa nywele chache, akainama mbele. "Mama, sahau mengine. Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Sikumwamini," nikasema.

"Ulikuwa na sababu gani?"

"Alikuwa anacheka. Na hakuwa mtu maarufu." Niliposikia sauti yangu ikisema hivyo kwa Kiingereza, chumbani mle, nilitamani sakafu inimeze. "Na niliona haya kwa ajili ya nchi yangu. Hakuna sababu nyingine, bwana hakimu."

Baada yangu aliitwa daktari wa kituo kimoja cha mjini kinachotibu watu walioteswa. Alieleza juu ya ngozi ya miguu ya Naftali na mishipa iliyokufa kwenye vidole, mambo ambayo sisi hatukuyaona kwa sababu hatukuuliza. Mwezi wa tatu hakimu alimpa hifadhi. Aliandika kwamba ushahidi wangu aliuzingatia kwa tahadhari. Ilikuwa haki yake kuandika hivyo.

Ushirika ulijua. Ni mimi niliyewaambia: nilisimama Jumapili moja nikasema nilichofanya. Baadhi walinikasirikia kwa kumwumiza Naftali, wengine kwa kuitangaza aibu ya nyumbani mbele ya mahakama. Sydney alisema tu, "Ungeyaacha kati yako na Mungu." Niliacha kutafsiria watu. Naftali alipata kazi kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu vya simu. Tukikutana tulisalimiana vizuri, "Habari ya kazi," "Nzuri dada," na hapo tuliishia. Sikumlaumu.

Mkewe Kemunto na binti yao Nyaboke walifika Oktoba ya 1998. Tukawafanyia karamu ukumbini. Kulikuwa na pilau, mbuzi aliyenunuliwa kwa mkulima wa nje ya mji, na kadi kubwa ambayo kila mtu aliandika jina. Sydney alisimama na glasi ya soda.

"Ndugu zangu," alisema, "huyu mtu alikuja hapa mikono mitupu. Sisi kama jamii tulisimama naye tangu siku ya kwanza."

Watu wakapiga makofi, kwa dhati, macho yakiwang'aa. Naona walikuwa wameshaamini. Naftali alicheka, akainua mkono kushukuru. Nilitazama mikono yangu nikaona inapiga makofi pamoja na ya wengine.

Nikaenda jikoni. Baada ya kitambo Kemunto akanifuata, mwanamke mrefu wa sauti ya chini, na kofia ya sufu aliyokuwa hajazoea kuivaa. Akashika mikono yangu yote miwili.

"Nimeambiwa kwamba wewe ndiye dada Nkatha uliyemtafsiria baba Nyaboke. Mungu akubariki sana."

Naftali hakuwa amemwambia. Miaka yote ile ya barua na simu, na hakuwa amemwambia mkewe jina la aliyemwangusha. Ningeweza kusema amina. Sahani zilikuwa nyingi, maji yalikuwa yanatiririka, hakuna ambaye angesikia.

"Mama, usinishukuru," nikasema. "Nilimtafsiria vibaya kwa makusudi. Karibu arudishwe kwa sababu yangu."

Nikamweleza yote niliyofanya nikiwa nimesimama. Kemunto hakuachia mikono yangu mara moja. Aliiachia polepole, mmoja, kisha wa pili.

"Alisema nini siku hiyo?" akauliza. "Mimi hajaniambia hata leo. Kila nikimuuliza anacheka."

"Muulize yeye, mama. Hayo si yangu."

Akaangalia kupitia kidirisha cha jikoni mahali mumewe alipokuwa amembeba binti yao, aliyekuwa mkubwa mno kubebwa. Nilingoja aseme amenisamehe au hajanisamehe. Alivua ile kofia, akakunja mikono ya sweta yake, akachukua sahani ya juu.

"Sabuni iko wapi?" akauliza.

Nikampa. Tukaosha vyombo mpaka vikaisha.