Nipe Mji, Kipanga

Mwanamvua hana nia ya kulala. Joto la Tanga limekaa juu ya bati, simu iko kifuani, na alasiri ikifika ataibonyeza azungumze mubashara na watu ambao hawajawahi kumwona. Wao wanamjua kwa jina la Kipanga, kijana wa kiume mwenye sauti nzito na maneno ya kuchoma, mchambuzi wa gemu mpya asiyemwonea mtu haya. Hiyo sauti nzito ni ya programu; inaiumua sauti yake kama hamira inavyoumua unga. Leo Kipanga anangojewa aseme neno juu ya Njia ya Chumvi, gemu iliyowagawa wachezaji kwa sababu ya shujaa wake, Sikudhani, mwanamke mpana anayevusha magunia ya chumvi jangwani. Kabla gemu haijatoka, Kipanga aliiona picha moja tu ya tangazo, akaandika: haya si mabega ya mwanamke, ni mabega ya kuli. Watu wakacheka, wakalisambaza, likawa neno la kila kijiwe. Ndiyo tabia ya wachezaji hiyo, kuihukumu gemu kwa picha, kama mtu anayelikosoa pilau kwa harufu iliyopita dirishani. Kisha gemu ikatoka, Mwanamvua akaicheza mpaka mwisho, akalia. Akalia kwa sababu mabega yale anayajua. Ni yake mwenyewe, yale ambayo fundi cherehani humwongezea kitambaa huku akiguna. Sasa ana maneno mengine ya kusema, na anaogopa. Akiyasema watamkimbia, na wakijua kwamba ni mwanamke watasema, kumbe, ndiyo maana. Anafumba macho apange ataanzaje, na usingizi unampitia.

Yuko barabarani. Barabara ni nyeupe, ya chumvi iliyokanyagwa ikashikana, na kila anapoifikia kona anaikuta kona ileile ikimngoja mbele. Anageuka nyuma, nyuma nako ni mbele. Kando yake anatembea mtu asiye na uso, mahali pa macho na mdomo ni laini kama ndani ya kikombe, kama yule mhusika wa gemu ambaye mchezaji bado hajamchagulia sura. Mwanamvua anamuuliza njia ya kutokea iko wapi. Mtu yule anasema, kitendawili. Na Mwanamvua, ambaye amelelewa na bibi, anajikuta anajibu kabla hajafikiri, tega. Ni changu mimi, lakini watu hukitumia kuliko ninavyokitumia. Kitendawili gani hiki, mtoto wa chekechea anakijua. Ni jina, anasema Mwanamvua. Lipi, anauliza asiye na uso. Kipanga. Hujapata. Nipe mji.

Ndivyo ilivyo desturi, aliyeshindwa hutoa mji, na utotoni tuligawa miji kama karanga kwa kuwa haikuwa yetu. Mwanamvua anatoa Korogwe bila kujali. Asiye na uso anasema, nimekwenda Korogwe, nimekula, nimelala, nimeufunga mlango. Na papo hapo kitu kinachomoka kichwani mwa Mwanamvua. Anajua kwamba ana shangazi mahali fulani, ila hajui ni wapi, wala njia ya kwenda huko, wala uso wa shangazi huyo. Anasimama. Mchezo huu haumchekeshi tena.

Barabara inawaingiza katika mji ambao kuta zake zote ni vioo, na mbele ya kila kioo amesimama mtu anabishana na sura yake mwenyewe. Mmoja anafoka kwamba watengenezaji wanawatia wanawake kila gemu ili wasifiwe na wakubwa, wala hawamjali mchezaji. Wa pili anajibu kwamba miaka yote tumekimbia na kufa ndani ya miili ya wanaume na hakuna aliyezimia, leo mwanamke mmoja kabeba gunia, dunia imepinda. Binti mmoja anasema taratibu, tumewekwa, sawa, lakini maneno tunayosema kayaandika nani? Hakuna anayemsikiliza, maana wote wameshaanza kuimba kwa pamoja, haya si mabega ya mwanamke, ni mabega ya kuli. Mwanamvua anataka kuziba masikio. Wanamwona. Kaka Kipanga, wanasema, kaka Kipanga huyo, waambie. Anajitazama kiooni na kijana wa ndevu anamtazama kutoka humo. Anamwomba asiye na uso amtoe, amtoe upesi, naye anasema kitendawili kilekile. Ni changu mimi, lakini watu hukitumia kuliko ninavyokitumia. Umati unasikiliza. Ni Kipanga, anasema Mwanamvua kwa woga, akijua kabisa anachokifanya. Basi nipe mji. Anatoa Muheza, na harufu ya machungwa inatoka duniani.

Ndipo umati unapogawanyika, na katikati anapita Sikudhani, gunia begani, jasho limemganda kwa chumvi. Wanamzomea. Yeye hawatazami. Anakuja moja kwa moja mpaka mbele ya Mwanamvua, anasimama, anasema, nitue, mwanangu. Neno dogo hilo, na hakuna aliyelelewa vizuri anayelikataa. Ukimkuta mtu na mzigo akakwambia nitue, humuulizi ni wa nani. Mwanamvua anaingiza bega lake chini ya gunia, na bega linaenea, linatosha kabisa, na wanalishusha pamoja. Anataka kusema samahani. Sikudhani anajifuta uso kwa upindo wa kanga na kumwambia, mwishoni wamempa kaka yangu ushindi, uliona? Niliona, anasema Mwanamvua. Nimebeba njia nzima, yeye katokea mlangoni akapigiwa makofi. Walioniweka na wanaonizomea, hakuna aliyelisema hilo. Lisemwe na nani, kama si wewe uliyefika mwisho?

Mwanamvua anageuka kuutafuta umati na kumkuta asiye na uso karibu mno, hata pumzi yake ingesikika kama angekuwa na pua. Kitendawili, anasema. Mwanamvua hajibu tega, lakini kinategwa hivyo hivyo. Ni changu mimi, lakini watu hukitumia kuliko ninavyokitumia. Kichwani umebaki mji mmoja tu, Tanga yake. Ndani ya mji huo mama yake yuko uani anamenya mihogo, na tayari ukuta wa ua unakuwa mweupe, unang'aa, unageuka kioo, na mama hajui, anaendelea kumenya. Nipe mji, Kipanga. Mwanamvua anafungua mdomo, na inayotoka ni sauti ya programu, nzito, ya kiume, inasema Mwanamvua kama inamtaja mtu wa mbali. Hujalisema mwenyewe, anasema asiye na uso, hilo halihesabiwi. Kisu cha mama kinaanza kufifia mkononi. Mwanamvua anaichimba sauti yake kifuani, anaikuta nyembamba, ya kawaida, yenye mkwaruzo kidogo, sauti ambayo hajawahi kumsikilizisha mgeni, na anaitoa yote.

Macho yanafunguka. Bati linalialia kwa joto. Simu iko kifuani, ina moto, na skrini inaonyesha kwamba mubashara imeshaanza, hajui tangu lini, wala nani aliibonyeza. Programu ya sauti haijawashwa. Maoni yanapanda mfululizo mpaka hayasomeki, kisha yanasimama, na linabaki moja, la mtu ambaye mahali pa picha yake ni duara tupu. Ameandika, rudia jina, hatukusikia vizuri. Mwanamvua anatega sikio kama mama yupo uani, na uani kimya. Anajaribu kuikumbuka njia ya kwenda Korogwe. Haiji, lakini nani huikumbuka njia akiwa ndiyo kwanza anaamka? Kama hii ndoto inaendelea, yule pale anamngoja akosee mara ya mwisho. Na kama ameamka kweli, wale pale ni watu wake wote, na baada ya neno moja huenda asibaki hata mmoja. Anakaa kitako. Mabega yanatetemeka, anayaacha yatetemeke.

Mwanamvua, anasema. Naitwa Mwanamvua, na maneno ya kuli niliyaandika mimi kabla sijaicheza.