Kibao cha Tuta la Baba

Nimeegemea ukuta wa nyumba yangu huku Louisiana, jua la mchana linaniunguza magoti, mke wangu Perpétue anakata bamia ndani, na macho yanajifumba kabla sijamaliza kumwambia kwamba dirisha linagongagonga. Basi sipo tena ukutani. Natambaa ndani ya gogo lililotobolewa, bega huku bega kule, mzee mzima kama mimi, na mbele yangu kinaning'inia kibao cha mbao. Nakisukuma kwa paji la uso, maana nakijua, hufunguka upande mmoja tu. Natokea juu ya tuta la kuzuia bahari. Tuta ni barabara na barabara haina mwisho, kushoto bahari, kulia mashamba ya ngano ambayo sisi Waakadia, wakulima wa asili ya Kifaransa, tuliipokonya bahari kwa koleo, babu zetu na baba zetu, kabla askari wa Mwingereza hawajatupakia melini na kututawanya kama makapi. Nilikuwa na miaka minane. Natembea, na kila baada ya kitambo mji unajitokeza chini ya tuta, na ndani ya maji mji uleule umepinduliwa, na sijui upi unatazama na upi unatazamwa. Hakuna hata mtu mmoja wa kuniamkia. Namtafuta dada yangu Osite, aliyepandishwa meli nyingine siku ile; miaka hamsini nimemtafuta kwa siri, kwa barua na kwa kuwauliza mabaharia, nikachoka, nikazeeka, na leo namtafuta kwa miguu.

Anatokea mtu mwenye kofia, na chini ya kofia hakuna uso, ni laini tupu kama sahani iliyooshwa. Namwuliza, Bwana, dada yangu yuko mji gani? Anasema, Kitendawili. Nasema, Tega, maana ningesema nini. Mlango wangu humtoa wa ndani, anasema, wa nje akibisha hujifunga wenyewe. Jibu nalijua. Mtoto yeyote wa kwetu analijua, ndicho kibao nilichotoka kukisukuma sasa hivi: maji ya mvua hukisukuma yakatoka shambani, na bahari ikijaa hukifunga kwa nguvu zake yenyewe. Lakini kulitamka sitaki. Nasema, Sijui. Basi nipe mji, anasema, kama ilivyo ada. Nampa Boston. Anakwenda na kurudi kabla sijashusha pumzi, anasema, Nimekwenda Boston, nimekuta watu wamekaa juu ya masanduku yao, hawajayafungua, wanasema kesho wanarudi kwao. Nageuka, Boston haipo, si chini ya tuta si majini. Anatega kilekile. Nampa Liverpool. Nimekwenda Liverpool, nimekuta ndui na vitanda vitupu. Nampa Saint-Malo. Nimekwenda Saint-Malo, nimekuta wajukuu wanaoicheka lafudhi ya bibi zao. Miji inazimika mmoja mmoja, na mimi mjinga nagawa tu, nagawa kila mahali anapoweza kuwa Osite, ili nisitamke neno moja. Umebaki Grand-Pré, kwetu. Nipe mji, anasema asiye na uso. Huo siwezi kuutoa.

Ni kibao cha tuta la baba, nasema, na mimi ndiye niliyekikwamisha kwa kijiti ili ninase samaki. Neno hilo nalitamka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na naona aibu kama vile ni jana. Asubuhi ile ufukweni askari wakitupanga nilimnong'oneza Osite habari za kijiti, na Osite, wa miaka kumi na miwili, akatoka mbio kwenda kukitoa kijiti, kwa sababu chumvi ikiingia shambani ngano haioti tena kwa miaka. Tunafukuzwa nchini, na yeye anaokoa shamba. Ni watu wa kwetu tu wa kufanya upuuzi kama huo. Aliporudi, mashua yetu ilikuwa imeshaondoka.

Mwenye kofia anasogea kando. Osite yuko pale chini, upande wa bahari, amepiga magoti kwenye tope jekundu, bado ana miaka kumi na miwili, mikono imezama gogoni mpaka viwikoni. Umechelewa, mdogo wangu, anasema, kijiti kimekaza, mkono wangu haufiki. Dada, nisamehe, nasema. Vuta kwanza, anasema, maji yanajaa. Naingia gogoni kwa upande wa shamba, nauona uso wake kwenye upenyo mwembamba, nasema, Nikivuta kibao kitajifunga, na wewe uko nje. Anasema, Ndiyo kazi yake. Nakishika kijiti. Navuta.

Kibao kinapiga. Ni dirisha. Perpétue amenishika mkono, ananiuliza, Mzee, Osite ni nani? Miaka thelathini ya ndoa sijawahi kumtajia jina hilo. Ni dada yangu, nasema, nilimwacha nyuma. Haya, utanieleza, anasema, ngoja nikuletee maji unawe. Natazama kiganja. Udongo wa huku ni mweusi, huu ni mwekundu, naulamba, una chumvi. Perpétue keshanipa mgongo kabla sijamtazama usoni, anaelekea mlangoni, na mimi namwita, Subiri, mke wangu, geuka kwanza nikuone uso.