Viganja vya Trizah

Trizah alichelewa tena, na Mwalimu Phelesia akamwambia anyooshe mikono achapwe, kama walivyofanya walimu wote wa shule ile ya Rusinga mwaka wa 1996. Msichana akanyoosha ngumi.

"Fungua."

Hakufungua. Phelesia alipomkunjua vidole aliona viganja vimebabuka, ngozi imekauka na kupasuka. Akaweka kiboko mezani.

Tangu aliporudi kutoka semina ya Homa Bay, Phelesia aliitwa mwalimu wa ushauri, ingawa hakuwa hata na chumba. Aliongea na watoto katika stoo ya majembe. Huko ndiko alikompeleka Trizah.

"Nani amekuchoma?"

"Nilianguka jikoni."

"Mikono yote miwili?"

Trizah aliutazama mlango. "Ni baba mdogo. Samaki waliungua. Akasema na mimi nionje moto."

Baba mdogo huyo, Nicanor, ndiye aliyemchukua baada ya wazazi wake kufariki. Ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule.

"Usiogope," Phelesia alimwambia. "Nitakusaidia."

Akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, Walter.

"Mwalimu, hata sisi tunawachapa hapa," Walter alisema. "Tutamshtaki nani?"

"Kuchapa na kuchoma ni kitu kimoja?"

Walter hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuuma Phelesia kuliko yote. Aliamini tu kwamba mambo ya boma humalizwa bomani. Alasiri hiyo, bila kumwambia Phelesia, alimwita Nicanor ofisini, akampa chai, akamsihi apunguze ukali. Kisha akamwita Trizah ayarudie maneno yake mbele ya baba mdogo.

"Nilianguka jikoni," Trizah alisema.

Nicanor alicheka kwa upole, akamshika bega, wakaondoka pamoja.

Kesho yake kiti cha Trizah kilikuwa kitupu, na siku zilizofuata vilevile. Phelesia alipofika kwa Nicanor aliambiwa mtoto amepelekwa kwa jamaa. Lakini alipokuwa akiondoka, jirani aitwaye Susana alimfuata hadi kwenye ua, akijifanya anaokota kuni.

"Yuko ndani," alinong'ona. "Hatoki. Usiseme ni mimi."

Phelesia hakurudi shuleni. Alivuka hadi Mbita, ambako polisi walimwambia amlete mlalamishi mwenyewe. Akaendelea hadi Homa Bay, kwa Bichage, afisa wa watoto aliyewafundisha kwenye semina. Bichage alimsikiliza hadi mwisho.

"Uko tayari kuyasema haya mbele ya huyo mtu?"

"Niko tayari."

Walifika Rusinga asubuhi pamoja na askari. Trizah alitolewa akiwa amebebwa. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika na umeanza kuunga vibaya. Alipopitishwa mbele ya Phelesia, mtoto alifumba macho.

Nicanor alishtakiwa, lakini siku ya kesi, mbali na Phelesia, hakuna mtu wa kijiji aliyetoa ushahidi, hata Walter. Mtoto mwenyewe alisimama mbele ya hakimu asitamke neno. Nicanor akaonywa, akarudi kwake. Trizah akapelekwa Kendu Bay kwa nyanya yake mzaa mama. Muhula ulipokwisha, Phelesia alihamishiwa Migori, na hakuna aliyemweleza kwa nini.

Likizo ya Agosti alikwenda kumwona Trizah. Alimkuta uani akianika omena, dagaa wa ziwani, akitumia zaidi mkono wa kulia.

"Unasoma, nyathina, mwanangu?"

"Nasoma."

"Mna mwalimu wa ushauri huko?"

"Yuko."

"Umeshaongea naye?"

Trizah alitikisa kichwa. Alisambaza omena kidogo, kisha akasema bila kuinua uso, "Mwalimu, sikatai. Ulikuja kunitoa. Lakini maneno yangu uliyapeleka ofisini bila kuniuliza. Usiku ule ndipo mkono ulipovunjika."

 Phelesia akapiga magoti, akaanza kuanika naye. Walifanya kazi hiyo hadi omena wakaisha. Trizah akanawa, akaingia ndani, na hakutoka tena.

Nyanya ndiye aliyemsindikiza mgeni barabarani.

"Usimlaumu," alisema. "Hata mimi haniambii kitu. Anaamka, anafanya kazi, anakwenda shule."

"Analala vizuri?"

Mama mzee alitazama upande wa ziwa. "Analala na viatu miguuni," alisema.