Ulimi wa Mzee Aristides

Mzee Aristides wa Uru hakuwa na cheo chochote kijijini, lakini alikuwa na ulimi. Ukimpa mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, funda moja tu, atakwambia imepikwa nyumba gani, ulezi wake ulisagwa lini, na kama mpishi aligombana na mumewe siku ya kuchanganya. Kwa ajili ya ulimi huo alikuwa na kigoda chake mbele ya kilabu, na hakuna mtungi uliogawiwa kabla hajauonja. Watu walimvumilia maringo yake kwa sababu hajawahi kukosea.

Balaa ilikuwa nyumbani. Mkewe, Dominika, alipika mbege ya kila sikukuu kwa miaka kumi na tisa, na kila sikukuu bwana huyu alilowesha midomo tu, akarudisha kata na kusema, "Mbege ya nyumbani hainywiki, Mama Thadeus." Kisha huyoo, kilabuni. Mwanamke mwingine angemmwagia kichwani. Dominika aliosha kata tu.

Sasa, mwaka ule wa sabini na sita kijiji kilimaliza kujenga zahanati kwa kujitolea, sherehe ya ufunguzi ikapangwa Jumamosi moja ya Februari, jua kali mpaka kuku wanashinda chini ya mibuni. Wanawake watatu walete mitungi, Aristides aonje, na atakaouchagua ndio wapewe wageni kutoka mjini. Kwa desturi mitungi hufunikwa majani ya mgomba, na mwonjaji haambiwi upi ni wa nani.

Jumapili iliyotangulia, Aristides akapata mafua. Pua ikaziba, ulimi nao ukafa ganzi. Alikunywa chai akadhani ni maji ya moto. Alijificha nyuma ya zizi akatafuna kitunguu kizima. Machozi yalimtoka, ladha hakuna. Hapo aliogopa kwelikweli. Jirani yake Emilian alikuwa anakimezea mate kile kigoda tangu mwaka wa uhuru, na akisikia tu mzee anaumwa, kigoda kimekwenda. Basi Aristides akaufyata. Kilabuni hakukanyaga, akisema anaupumzisha ulimi kwa ajili ya sherehe. Nyumbani alikula mtori wa Dominika kimya kimya, yeye ambaye hajawahi kumaliza bakuli bila kuukosoa.

Jumamosi akaketi kwenye kigoda, kijiji kizima kimemzunguka. Akaonja mtungi wa kwanza, akafumba macho kama kawaida yake. Hakusikia kitu. Wa pili, vilevile. Jasho likaanza kumtiririka, na Emilian alikuwa amesimama mbele yake, hapepesi macho.

Akachota wa tatu. Ladha bado hakuna, lakini jamani, ulikuwa wa baridi. Mtu alikuwa ameulaza tangu alfajiri kwenye mfongo, mfereji wa yale maji yanayoteremka kutoka msituni, na ubaridi ule ulimshuka kooni hadi tumboni. Kwa jua lile Aristides alijisahau, akainua kata akaimaliza yote. Watu wakatazamana, maana mzee huyu huonja funda moja tu.

"Ni huu," alisema, akijifuta povu. "Ulezi umesagwa vizuri, uchungu wake wa kiasi. Aliyepika huu anajua kazi."

Mwenyekiti akauliza mtungi ni wa nani. Nyuma ya wanawake wote akasimama Dominika, anafunga kanga vizuri. "Ni wangu," alisema. "Nilipikia kwa jirani yangu Anyesi, mume wangu asijue."

Kicheko kilichoangushwa hapo kilisikika hadi barabarani. Emilian peke yake hakucheka. "Mzee hakuonja mbege," alisema. "Amempendelea mke wake. Sasa tutamwaminije?"

Aristides akamtazama Dominika. Siku ya kwanza mwanamke huyu anasifiwa mbele za watu, na tayari wanamnyang'anya sifa yenyewe. Aliona aibu, tena aibu ya miaka kumi na tisa.

"Sikumpendelea," alisema taratibu. "Nina mafua. Tangu Jumapili sisikii ladha ya kitu. Nimechagua wenye baridi."

Dominika ndiye aliyejibu.

"Nilijua. Tangu Jumatatu nakupikia mtori bila chumvi, Baba Thadeus, na umemaliza bakuli zote."

Emilian akainyakua kata aonje mwenyewe, na uso wake ulionyesha amejiandaa kutema. Akanywa. Akachota tena, akaimaliza, akachota ya tatu mpaka mwenyekiti akamshika mkono kumkumbusha kwamba kuna wageni. "Sijawahi kunywa kitu kama hiki," alisema, sauti imempungua. Baada ya hapo foleni haikuzuilika.

Dominika alikuwa amechoka kusimama, akaketi kwenye kigoda ambacho Aristides alikiacha kupisha foleni. Hakuna aliyemwambia ainuke, wala mumewe.

Kabla mtungi haujakauka Aristides alipata kata moja ya mwisho. Akaizungusha mdomoni, akajaribu kwa nguvu zake zote. Baridi tu. Kijiji kizima kilikuwa kinaramba midomo, na yeye mwenye ulimi ndiye pekee asiyejua kinachosifiwa. Akachuchumaa kando ya kigoda.

"Niambie kweli, Mama Thadeus," alinong'ona. "Ikoje?"

Dominika akafikiri kidogo.

"Ni ya nyumbani," alisema. "Hainywiki."