Sweta Chini ya Suti

Suti yangu ya kijani ilinining'inia kama bado iko kwenye hanga. Dada yangu mkubwa alinizunguka, akavuta mabega ya koti, akayaachia, yakaanguka tena.

"Nilikwambia tuipeleke kwa fundi ipunguzwe," alisema.

"Haipunguzwi. Nitanenepa."

"Utanenepa leo, kabla ya saa kumi na mbili?"

Siku hizo hasira zangu zilikuwa karibu, na machozi yalikuwa nyuma yake tu. Tangu nifanyiwe upasuaji wa tumbo mwili wangu uligoma kurudi. Mimi nakodisha viti na maturubai ya sherehe, na hakuna anayetaka kumpa kazi mtu anayeweza kuzikwa kabla ya sherehe yenyewe. Maneno yalikuwa yameshaenea kwamba nachungulia kaburi. Aliyeyasambaza namjua, naye pia anakodisha viti, ila vyake vimepasuka.

Jioni ile wafanyabiashara walikuwa wanakutana na wateja kwenye ukumbi wa hoteli, na afisa manunuzi wa chuo angekuwepo. Mahafali ya chuo chake ndiyo kazi inayobeba mwaka wangu mzima. Nikiikosa, nauza maturubai.

Nilijaribu gauni jeusi. Dada akasema nitaonekana nimekuja na msiba wangu mwenyewe. Blauzi ya maua ilianika mifupa ya shingo. Ikabaki suti, ambayo kila mteja aliijua tangu enzi zile vifungo vyake vinalalamika.

Dada ana methali kwa kila jambo, na asipokuwa na methali ana wazo. Alinivalisha fulana, akaongeza fulana nyingine, akanipachika sweta lake la sufu, akanifunga shuka kiunoni, kisha suti juu ya yote. Nilipogeukia kioo nikamwona yule mimi wa zamani. Nilifurahi, nikageuka kujitazama na mgongo. Methali moja tu dada hakuikumbuka siku ile, nayo ni ya mficha maradhi.

Ukumbi ulikuwa umefurika na madirisha hayafunguki. Sijamaliza hata kusalimia watu wa mlangoni, mgongo ukaanza kulowa. Nilitembea polepole, mikono mbali kidogo na mwili, nikiomba shuka lisishuke. Afisa manunuzi aliniona kabla sijamwona.

"Kumbe mzima," alisema, akinitazama juu hadi chini. "Huko nje tunaambiwa mengine. Umenawiri."

"Watu hawana kazi," nikasema.

Alianza kunieleza habari za mahafali. Nilimwona midomo ikicheza, lakini nilichosikia ni damu yangu masikioni. Jasho lilinitoka kwenye nywele likapita shavuni. Nikalifuta kwa kiganja, likaja jingine, likadondokea kwenye glasi yangu ya soda. Aliacha kuongea.

"Mama, unajisikia vizuri?"

Aliuliza kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. Ni sauti wanayotumia watu kwa wagonjwa. Nilimwomba dakika chache, nikaenda chooni.

Nikajifungia, nikavua kila kitu, nikabaki nimeegemea ukuta wa vigae, nalia kwa hasira. Ningeweza kutokea mlango wa nyuma. Lakini nikaona ni bora anikatae nikiwa mkavu. Nikavaa suti peke yake, nikashikiza sketi kwa pini, nikasokomeza mengine kwenye mkoba. Mkono wa sweta ulikataa kuingia.

Aliponiona narudi alitazama mabega ya koti, kisha mkoba, kisha mkono wa sweta.

"Niliumwa sana," nikasema kabla hajauliza. "Nimepona. Nguo nilizipanga ili usijue, zikataka kuniua kuliko ugonjwa."

Hakucheka. "Turubai kubwa bado unasimamia mwenyewe?"

"Nasimamia nimekaa. Vijana wanavuta kamba, mimi navuta sauti."

Hapo akacheka. Kisha akasema nimpelekee bei Jumatatu, na viti nivilete siku moja kabla, visafi kama kawaida yangu.

Dada alikuwa ananisubiri nje, amekaa kwenye ngazi za hoteli. Alipoiona suti imelegea, uso ukamshuka.

"Umevua."

"Nimevua. Na kazi nimepata."

Alinikumbatia, kisha akarudi nyuma akanitazama. "Basi kesho nampelekea fundi hii suti. Nitamwambia akunje tu kwa ndani, ukinenepa aifungue."

Nilikishika kitambaa kilichozidi kiunoni. Kilijaa kiganja.

"Mwambie akate," nikasema.